Sakafu ya Anko Muhanji

Mzee anayekata nyasi ofisini kwetu huja na mashine yake mapema, kabla jua halijakausha umande, na wenzangu hukimbilia kufunga madirisha. Hawapendi ile harufu ya petroli ikichanganyika na nyasi mbichi. Wanasema inawaumiza kichwa. Mimi dirisha langu naliacha wazi, na nikiulizwa nasema nina mafua, pua imeziba, sisikii kitu. Huo ni uongo wa bure. Harufu hiyo ikiingia tu, mimi si mtu mzima tena mwenye faili mezani. Ni msichana wa darasa la tatu mwenye viatu vya mpira, nimesimama kando ya uwanja mdogo wa ndege wa Kakamega, namngoja Anko Muhanji ashinde.

Aliyelelewa huku kwetu hahitaji kuelezwa maana ya kushinda. Jumamosi alfajiri ngoma za isukuti zilikuwa zikianza kulia upande wa Khayega, na wanaume walikuwa wakipita mbio na vijiti vya majani mikononi, wamemzunguka fahali wao wakimwimbia jina. Fahali wawili wanakutana uso kwa uso, wanasukumana pembe kwa pembe, vumbi linatimka, watu wanapiga kelele. Anayegeuza mgongo ameshindwa. Hakuna refa wala rufaa. Sheria hiyo niliijua kabla sijajua jedwali la kuzidisha, na nadhani hata leo naijua vizuri zaidi.

Kwetu fahali hawakuwa hadithi ya jirani. Babu, baba yake Mama, alikuwa na fahali wake, na alifia uwanjani akimpiganisha. Sikumwona babu, maana nilikuwa sijazaliwa, lakini kisa chake nilikiokota vipande vipande kwa Mama. Fahali wake alikuwa amechoka. Rafiki zake walimwambia amtoe angali amesimama. Lakini watu walikuwa wanamwimba babu kwa jina lake na la baba yake, na mwanaume akiimbwa hivyo miguu haijui kurudi nyuma. Akasogea na fimbo kumchochea fahali wake, na yule wa pili akageuka ghafla, pembe zikampata babu. Ni hivyo tu. Kukhu, yaani bibi yangu, akamzika mumewe kando ya migomba, na fahali akapelekwa soko la Lubao kabla matanga hayajaisha. Tangu siku hiyo Kukhu alisema hakuna mtu wa nyumba yake atakayecheza na kifo huku watu wakipiga makofi.

Anko Muhanji ndiye kitinda mimba wake. Alipokwenda kusomea kuendesha ndege, Kukhu hakuwa na neno. Aliwaambia akina mama wa kanisani kwamba mwanawe anabeba watu, kana kwamba ni dereva wa basi lililokosa magurudumu. Balaa lilianza pale jirani mmoja mwenye simu nzuri alipomwonyesha video. Ndege ndogo ya manjano ilikuwa angani, imepinduka miguu juu, na aliyening'inia ndani kwenye mikanda, meno yote nje kwa kicheko, alikuwa Muhanji. Kukhu alirudisha ile simu. Kisha akatafuta yake akampigia. Mama alikuwa amekaa pale pale na maneno yake aliyashika.

"Muhanji, mimi nimezika mwanaume mmoja wa kuimbiwa. Wa pili sitazika. Usikanyage hapa mpaka uwachane na hiyo mchezo."

Anko, ambaye kichwa kigumu alikirithi kwa huyo huyo mama, hakukanyaga. Krismasi zilikuja na kupita. Kila Kukhu alipochinja ingokho, wale kuku wake wa kienyeji, firigisi aliiweka kwenye kisahani peke yake, kwa sababu kwetu imondo ni ya mwanaume wa nyumba. Tulikula tukamaliza, kisahani kikabaki pale, na mwishowe aliyefaidi alikuwa paka. Mimi nilimwonea Kukhu huruma, na paka nilimwonea wivu.

Basi uwanja wetu wa ndege ukatengenezwa upya, na watu wakubwa wakataka sherehe. Anko na mwenzake wa kazi wakaitwa waje waonyeshe michezo ya angani mbele ya watu wa nyumbani. Kwao Khayega hakuruhusiwa, kwa hiyo alifikia kwetu Amalemba, akalala kwenye kochi, miguu ikipita ukingoni. Alikuja na ovaroli ya kijani iliyonuka petroli na nyasi. Mama aliifua mara mbili na harufu haikutoka, na mimi nilishukuru.

Sijui kama alikuwa mtu wa ajabu au ni mimi niliyemwona hivyo. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na hakuweza kueleza jambo akiwa ameketi. Nilipomuuliza kwa nini haanguki ndege ikiwa imepinduka, alinitoa nje, akajaza maji kwenye ndoo ndogo ya kuogea, akaanza kuizungusha kwa mkono mmoja, kutoka chini kupita juu ya kichwa hadi chini tena.

"Umeona maji imemwagika?"

"Hapana."

"Sasa mimi ndio hiyo maji."

"Muhanji," Mama akasema kutoka mlangoni, "ukinimwagia nguo za shule za mtoto, mimi pia nitakufukuza."

Jioni hiyo, Mama akipiga pasi, niliwasikia wakiongea wakidhani nafanya hesabu. Mama alimuuliza kuhusu wale wanaoanguka. Anko hakumficha. Alimtaja rafiki yake mmoja waliyejifunza pamoja. "Alikuwa mzuri kunishinda," akasema. "Watu walipiga makofi, akaongeza moja. Hiyo moja ndio ilikosa nafasi ya kurudi." Pasi ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Sasa wewe unapendeanga nini hiyo kitu?"

Anko alifikiri sana, na alipojibu sauti yake ilikuwa ya mtu anayesali. "Dada, huko juu kichwa yangu inanyamaza. Hakuna mambo ya jana, hakuna ya kesho. Kuna mkono, kuna mguu, na kuna kujua ardhi iko wapi. Hapa chini sijawahi kunyamaza hivyo, hata kanisani."

Halafu akamweleza mambo ya siku yenyewe, jinsi yeye na Nduku, huyo mwenzake, watakavyokuja wakielekeana angani uso kwa uso mbele ya umati wote. Penseli yangu ikakatika. Uso kwa uso, mbele ya umati. Mimi nilijua kitu kimoja tu duniani kinachofanywa namna hiyo, na nilijua kinaishaje. Nikaona mambo yote wazi: Anko atapigana na ndege ya Nduku, atashinda, watu wa Khayega watamzunguka na vijiti na kumpeleka kwao wakiimba, na Kukhu, atake asitake, atafungua mlango. Mwenye fahali aliyeshinda hafungiwi mlango. Nililala usingizi mzuri sana usiku ule.

Na msinicheke peke yangu. Mji mzima ulidhani hivyo. Sokoni watu walikuwa wanabishana kuhusu ile ya manjano na ile nyekundu, ipi ina nguvu, ipi imekula vizuri. Kikundi cha isukuti cha Khayega kilijitolea kuja kumwimbia mtoto wa nyumbani. Anko alijaribu kueleza kwamba hakuna mshindi, kwamba ni kama kwaya, kila mtu na sauti yake, lakini watu walitikisa vichwa kwa heshima tu. Walimwona mnyenyekevu.

Siku moja kabla ya sherehe alinichukua asubuhi kwenda naye uwanjani. Ndege mbili zilikuwa zimeegeshwa kwenye nyasi zilizokatwa jana yake jioni, ndogo kuliko nilivyotarajia. Ile ya manjano nilidhani ningeweza kuisukuma. Nduku alikuwa mwanamke mrefu, Mkamba wa Machakos, mwenye nywele fupi na mluzi mzuri.

"Wewe uko upande wa nani?" akaniuliza.

"Wa Anko."

"Haya basi. Na mimi nitaimbiwa na nani?"

Nilimhurumia, lakini vita ni vita.

Anko aliizunguka ndege yake polepole, akigusa kila kitu kwa vidole: mabawa, bawaba, skrubu, mkia. Kisha akamwaga mifuko yake yote kwenye nyasi, kitana, kalamu, funguo, hata maganda ya njugu, akapekua na chini ya kiti. Akaniambia kwamba ndege ikipinduka kila kilicholegea huruka, na kalamu moja ikikwama pale penye nyaya za kuongozea, mtu amekwisha. Halafu akafanya jambo lililonisisimua mwili. Alisimama katikati ya nyasi peke yake, macho nusu yamefungwa, mkono mmoja mbele kama ndio pua ya ndege, akaanza kutembea akijipinda, akiinama, akizunguka, akirudi, midomo ikinong'ona. Nduku naye, kando, alikuwa anafanya vivyo hivyo. Leo najua walikuwa wanapitia mchezo wao hatua kwa hatua, ili mwili uukumbuke. Siku hiyo nilijua wanaweka dawa. Nilikuwa nimesikia jinsi wenye fahali wanavyomzunguka mnyama wao alfajiri na kumnong'oneza, na nikafurahi kwamba Anko hajapuuza mambo ya nyumbani.

Alipomaliza nilimuuliza kama ataumia.

"Niko na sakafu," akasema. Akachuchumaa mbele yangu, akainua kiganja. "Hapa ni ardhi. Huku juu ni sakafu yangu, na kuna saa ya kupima urefu ndani ya ndege inanionyesha iko wapi. Chini ya sakafu sichezi. Nikiona nitaifikia kabla sijamaliza, natoka. Hata kama ni katikati. Hata kama mkubwa gani ananiangalia."

"Unatoka tu?"

"Natoka tu. Natikisa mabawa, naenda zangu."

Niliinua macho kuitafuta. Kwetu sakafu ilikuwa ya saruji, nyekundu, inayopigwa dawa ya kung'arisha kila Jumamosi, na sikuelewa nani alipanda kwenda kuimwaga kule juu. Lakini nilimwamini.

Alasiri ile Mama alinichukua tukaenda Khayega kujaribu bahati yetu. Kukhu alikuwa kwenye baraza akipukuchua mahindi, kitambaa kimefungwa kichwani kama kawaida yake, na alijua tulichofuata kabla hatujaketi.

"Mama, si ukuje kesho umwone," Mama akasema.

"Mimi siendangi kwa mambo ya kuimbiana."

"Kukhu, Anko atashinda," nikasema.

"Atashinda nani, mukhana?" akauliza, neno lake la kuita msichana.

"Ndege nyekundu. Na hataumia, ako na sakafu."

"Sakafu gani?"

"Iko juu. Akiifikia anatoka. Hata kama hajamaliza. Hata kama watu wakubwa wanaangalia, anatoka tu."

Gunzi lilibaki mkononi mwake. Alinitazama kwa muda, si kwa ukali. "Nani amekuambia anatoka?"

"Yeye mwenyewe."

"Wanaume wote husemanga hivyo asubuhi," Kukhu akasema, akarudi kwenye mahindi yake. Mama alinishika mkono tukaondoka. Njiani alikuwa anafuta macho na kunidanganya kwamba ni vumbi, ilhali mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Siku ya sherehe tuliamka mapema, na umati ulikuwa umetutangulia. Watu walitoka hata Lumakanda na Mumias. Wengine walikuwa juu ya miti, wengine juu ya lori la mtu. Isukuti zilikuwa zinapashwa moto kwenye jua. Mimi nilikuwa nimekata kijiti chenye majani mazuri kwenye ua wetu, nikakishika wima kama mshumaa. Anko alikuwa ameomba waruke asubuhi, kwa maana kila mtu wa Kakamega anajua mvua yetu hushuka baada ya saa sita, haina haja ya kutangazwa. Lakini mgeni mkuu alichelewa, na alipofika alikuja na wageni wake, na kila mgeni alikuwa na salamu. Nilimwona Anko amesimama karibu na ndege yake, haangalii jukwaa, anaangalia upande wa msituni, ambako mawingu yalikuwa yanaanza kukaa.

Ni wakati huo nilipomwona Kukhu. Hakuja tulipokuwa. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na ua, na mwavuli wake mweusi na lile gauni la kwenda kanisani. Nilimvuta Mama mkono. Mama alitazama, akaninyamazisha, akageuka mbele haraka, kama mtu aliyeona ndege mdogo kwenye kiota na hataki kumshtua.

Hatimaye wakaruka. Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu nilichokiona na sijawahi kuridhika. Mlio ulikuja kwanza, ukaingia kifuani, kisha ile ya manjano ikapita juu yetu imelala chali, moshi mweupe nyuma yake, na nikamwona Anko, nawaapia nilimwona, kichwa chini. Ikapanda, ikapiga duara kubwa, ikashuka, na sikupumua mpaka iliponyooka. Nyekundu ikatokea upande wa pili. Zikageukiana. Zikaja. Umati ulinyamaza kabisa, na Mama akafumba macho akaniuliza, "Wako wapi? Niambie wako wapi." Nilikuwa bado natafuta maneno zilipopishana, karibu kiasi kwamba milio miwili ikawa mmoja, na uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Wakarudia. Isukuti zikaanza, na watu wa Khayega wakaanza kumwimba Anko, Muhanji mwana wa Shamala, wakimtaja na baba yake. Mama alifungua macho. Nilimwona akigeuka kumtafuta Kukhu, na uso wake ulikuwa umebadilika, maana wimbo ule ule ndio alioimbiwa babu siku aliyokufa.

Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba sasa ndio mwisho, ndio ule mchezo mliokuja kuona: ndege ya manjano itapanda hadi ishindwe kupanda, itaanguka ikizunguka kama jani, kisha itaamka. Ngoma zikaongezeka. Anko akapanda. Akaendelea kupanda, na mawingu ya msituni, ambayo wakati wa hotuba yalikuwa mbali, sasa yalikuwa juu yetu, ya kijivu na mazito. Ndege ikafika chini ya wingu. Nikainua kijiti.

Ikalala sawa. Ikaenda mbele kidogo, sawa kabisa, kama mtu anayefikiri. Kisha ikatikisa mabawa, kushoto, kulia, ikageuka na kuondoka.

Ngoma zilikufa moja moja. Mwanaume mmoja karibu nasi akasema kwa huzuni, "Amegeuka." Wengine wakalipokea. Amegeuka, amekimbia. Mtangazaji alijaribu kusema mambo ya hali ya hewa, nani wa kumsikiliza. Nduku akapita mara ya mwisho chini chini na moshi wake, mchezo usiohitaji urefu, na kwa macho ya umati ndiye aliyebaki uwanjani. Alipotua na propela yake kusimama, kikundi cha Khayega, watu wetu wenyewe, kilimkimbilia na vijiti na kumwimbia. Aliangalia huku na huku akitafuta aliyeshinda.

Mimi nililia. Sikulia kwa ajili ya Anko tu. Nililia kwa ajili ya mlango wa Kukhu, ambao sasa haungefunguka tena, na kwa aibu ya kushika kijiti ambacho hakina kazi. Mama alinivuta kuelekea ilipotua ile ya manjano. Watu wachache walikuwa wamesimama pale kwenye kamba, wakimcheka Anko kwamba ameshindwa na msichana, naye alikuwa anafungua mikanda taratibu. Mzee mmoja aliyemjua babu akapaza sauti.

"Baba yako hangekimbia, kijana."

"Ndio maana nilimzika," sauti ikasema nyuma yetu.

Watu walipisha. Kukhu alipita katikati yao na mwavuli wake, akafika kwenye kamba. Askari akamwambia kwa upole, "Mama, huku hakuna ruhusa."

"Hiyo ndege iko na mtoto yangu," Kukhu akasema, na askari akainua kamba.

Tulimfuata. Anko alikuwa amesimama chini ya bawa, amevua kofia, nywele zimeloa jasho, na mikono yake ile mikubwa hakujua aiweke wapi.

"Mulembe, Mama," akasema.

Kukhu hakuitikia salamu. "Kwa nini uligeuka?"

"Wingu ilishuka, Mama. Sikupata urefu. Ningeanguka pale, sakafu ingenipita."

"Ulijua watakuchekelea."

"Nilijua."

"Na walikuwa wanakuimba. Wimbo ya baba yako."

"Huko ndani sisikii wimbo. Lakini nilijua wanaimba."

"Na ukatoka."

"Nikatoka."

Kukhu alimtazama sana. Akamsogelea, na nilidhani ni hasira, nikajisogeza nyuma ya Mama. Kisha, bila kunitazama, akanyoosha mkono, akachukua kijiti changu, akampa Anko. Alimpa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mwenye fahali.

"Kukhu," nikasema, kwa sababu haki ni haki, "Anko ameshindwa."

"Nani amekuambia?"

Matone ya kwanza yakaanza kugonga bawa. Kukhu akafungua mwavuli, akaushikilia juu ya mwanawe, ambaye alikuwa tayari amelowa kwa jasho, na yeye mwenyewe akabaki nje akinyeshewa. "Mulembe, papa," akasema, kama mama anavyomwita mwanawe mdogo, ndipo akaitikia ile salamu. "Twende nyumbani. Kuna kuku."

Tulifika Khayega tukiwa tumerowana wote, na Nduku naye, akiwa na vijiti vingi kwapani kiasi cha kujenga kibanda. Kukhu alipakua obusuma, ugali wa kwetu, akamwaga mchuzi, akachukua kisahani, na paka akainuka kutoka jikoni kama alivyozoea. Kisahani kilimpita. Kikawekwa mbele ya Anko. Aliitazama ile imondo mpaka nikadhani ameisahau ladha yake.

"Sikuambii uwache," Kukhu akasema. "Nimeona hiyo kitu imekuingia, na baba yako pia ilimwingia. Lakini usinipigie simu kabla ya kwenda. Kabla ni maneno tu. Nipigie ukishatoka."

Ikawa hivyo. Miaka yote ya utoto wangu na baada yake, nikiwa kwa Kukhu wakati wowote, simu ilikuwa inaweza kulia na sauti ya Anko ikasema neno moja, "Nimetoka," kutoka Nairobi, kutoka Malindi, kutoka nchi ambazo Kukhu hakuweza kuzitamka. Naye alijibu hivyo hivyo kila mara, kana kwamba kijana ametoka kuchunga: "Haya. Sasa kula." Akaweka simu chini na kuendelea na kazi yake. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba siku ile ya mawingu Kukhu hakuja kuona kama mwanawe anaweza kuruka. Alikuja kuona kitu ambacho mumewe hakuweza kumwonyesha, na alikiona, na alikuwa peke yake katika umati ule wote aliyejua anaangalia nini.

Mwaka jana tulimzika Kukhu kando ya migomba, ubavuni kwa babu. Anko alikuja, mvi kichwani, na safari hii hakuimbiwa, aliimba pamoja na wengine. Nilimwogopea. Sikujua kama mtu anaweza kuendelea kupanda kule ikiwa hakuna anayengoja ashuke.

Halafu Jumapili moja, nikiwa nimeinamia karai la nguo, simu yangu ikalia. Ilikuwa namba ya Anko. Nyuma yake nilisikia watu, na upepo, na injini ikipoa.

"Imali," akasema.

"Ee, Anko."

"Nimetoka."

Nilifuta mapovu mkononi. Jibu nilikuwa nalo tangu darasa la tatu.

"Haya," nikamwambia. "Sasa kula."